Majina matano ya soya, koo ngapi?

*Swali: Sisi ni kikundi cha wakulima wa Muheza. Tumejikusanyia mbegu za soya za majina matano: Bossier, Uyole Soya 2, mbili za mradi zilizoandikwa TGx 1987-10F na TGx 1987-62F, na moja tunayoiita tu "ya Songea" kwa kuwa ndiko ilikotoka. Tunapanda mbegu tunayoiweka wenyewe, na huu ni msimu wa nne. Masika iliyopita iliota nusu, na iliyoota ilikuwa dhaifu. Ile Bossier ilikaa manjano mpaka ikachanua. Bwana shamba mmoja anasema soya zote ni ndugu, tumezipanda jirani zikaoana, damu imechoka kama mbuzi wa zizi moja. Mwingine anasema dawa ni kuchanganya zote tano kiroba kimoja tupate damu mpya. Mbegu tulipiga ndani ya magunia, tukaziweka kwenye viroba sakafuni, stoo ya bati. Mbele ya safari tunataka kuuza mbegu. Tufuate lipi?*

Ndugu zangu wa Muheza, msifuate hata moja kati ya hayo mawili. Viroba vitano viacheni mbalimbali kama vilivyo. Aliyesema soya ni ndugu kasema kweli zaidi kuliko mwenyewe anavyodhani, ila undugu huo sio uliowaharibia masika. Hapa kuna mambo mawili yamefungwa kamba moja: nasaba ya aina zenu, na hali ya punje mliyoitia ardhini. Nitayafungua moja moja.

Tuanze na hili la kuoana. Kesho saa moja asubuhi ingieni shambani mtafute tumba la soya ambalo petali zimeanza tu kuchungulia. Ni dogo, ukubwa wa punje ya mchele. Lipasueni taratibu kwa ncha ya sindano. Ndani mtaona stameni 10, yaani nyuzi za kiume, zimeizunguka stigma, yaani ncha ya kike ya ua, zimebanana nayo kama vidole vilivyofumbata kitu. Vifuko vya chavua hupasuka humo humo na kuimwagia stigma, mara nyingi kabla ua halijafunguka. Nyuki anapofika ndoa ilishafungwa. Ndiyo maana soya zilizopandwa jirani huchavushana kwa nadra sana, kwa kawaida chini ya ua 1 kati ya 100. Mahindi chavua yake hupeperushwa na upepo hadi shamba la mwenzio, na hofu ya bwana shamba ingekuwa na msingi kama mngekuwa mnazungumzia mahindi.

Mbuzi anadhoofika akizaa na nduguye kwa sababu amebeba jeni mbovu zilizofichwa na jeni nzima za mzazi wa pili. Wakioana ndugu, mbovu mbili hukutana na kasoro hutokeza. Soya imejioa yenyewe kwa maelfu ya miaka tangu ilipofugwa kutoka soya mwitu huko Asia ya Mashariki, na jeni mbovu za namna hiyo nyingi zilikwisha kufa njiani pamoja na mimea iliyozibeba. Mtafiti akivusha aina mbili, yaani akizizalisha pamoja, kila kizazi cha kujichavusha hupunguza mchanganyiko wa jeni kwa nusu: kizazi cha pili hubaki 50%, cha tatu 25%, cha nne 12.5%, cha sita kama 3%. Aina inapomfikia mkulima mimea yake inakaribia kuwa mapacha. Mkiipanda misimu minne, kumi au ishirini, mnapata mimea ile ile. Damu ya soya haichoki.

Sasa undugu wenyewe. Soya ilipandwa Tanzania kwa mara ya kwanza hapo hapo kwenu, Amani, mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Kilichofika huko, kama kilichofika Marekani na Brazil, kilikuwa kiganja kutoka kwenye ghala kubwa la Asia. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1994 ulifuatilia nasaba za aina 258 zilizotolewa na taasisi za umma za Marekani na Kanada kati ya 1947 na 1988, ukakuta zote zinarudi kwa mababu 80, na 35 tu kati yao ndio waliochangia zaidi ya 95% ya urithi wote. Mwingine wa mwaka 2006 ulisoma vinasaba vyenyewe: soya mwitu ilipofanywa zao, karibu nusu ya utofauti ilipotea, halafu kutoka aina za kienyeji za Asia kwenda aina za kisasa za Marekani, jeni adimu zilizopotea ni 79%. Na jeni adimu ndiko mtafiti anakokwenda kuchimba siku ugonjwa mpya ukibisha hodi.

Undugu huu unapimwa kwa hesabu rahisi, na kikundi chenye daftari kinaweza kuifanya. Mmea na pacha wake kamili ni 1. Aina mbili zisizo na babu wa pamoja ni 0. Mtoto hupata nusu kwa kila mzazi, hivyo kwa mzazi wake ni 0.5. Watoto wawili wa wazazi wale wale wasio ndugu nao ni 0.5. Wenye mzazi mmoja tu wa pamoja ni 0.25. Ukitaka undugu wa aina yoyote na nyingine, chukua undugu wa kila mzazi wake na hiyo nyingine, jumlisha, gawanya kwa mbili.

Tuijaribu kwa Bossier yenu. Bossier iliteuliwa kutoka ndani ya aina ya Kimarekani iitwayo Lee, na Lee ni mtoto wa S-100 na CNS. Kwa hiyo Bossier na Lee ni majina mawili ya kitu kinachokaribia kuwa kimoja, hesabu inagusa 1. Kuna nyingine, Bragg, ambayo mzazi wake mmoja ni Jackson na wa pili ni dada wa Lee, tumbo moja. Jackson tukimhesabu kuwa mgeni wa ukoo, tunapata 0 na 0.5, jumla gawanya kwa mbili: 0.25. Lee kwa Bragg, basi, ni mama mdogo. Mtu akija na kiroba cha Lee akawaambia amewaletea damu mpya ya kuongezea Bossier, amewaletea kitu mlichonacho.

Zile mbili za mradi zinajieleza kwenye lebo. TGx ni alama ya mivusho ya soya ya kitropiki ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki. Namba iliyo kabla ya kistari hutaja mvusho, inayofuata hutaja mstari, yaani uzao, uliochaguliwa humo. 1987-10F na 1987-62F ni mtu na nduguye wa baba mmoja mama mmoja: angalau 0.5, na zaidi ikiwa wazazi wenyewe walikuwa na babu wa pamoja. Kinyume chake pia kinatokea, mmea mmoja kupewa majina kadhaa. TGx 1835-10E ukivuka mpaka kwenda Uganda unaitwa Maksoy 1N. Huko huko Maksoy 2N ni mtoto wa 1N na aina iitwayo Duiker, na Maksoy 3N naye mzazi wake mmoja ni Duiker: hao wawili ni ndugu wa mzazi mmoja, 0.25. Jina jipya kwenye mfuko ni uamuzi wa waliosajili. Uyole Soya 2 ulizeni nasaba yake TARI Uyole, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo kule Mbeya, ndio walioitoa; ni swali la kawaida kwa mtafiti wa mbegu na hamtaonekana wakorofi. "Ya Songea" haina nasaba mpaka mumpate aliyewapa. Huenda ni Uyole Soya 2 hiyo hiyo iliyosafiri bila lebo.

Hesabu ya karatasi ina udhaifu wake. Inadhani mababu wote ni wageni wao kwa wao, jambo ambalo mara nyingi si kweli, na inadhani mtoto amegawiwa nusu kwa nusu kamili, wakati mteuzi anayetafuta kimo au ukinzani fulani huvutia upande wa mzazi mmoja bila kukusudia. Daftari nalo hukosewa. Punje hudondoka, lebo hubadilishana. Ndiyo sababu siku hizi watafiti husoma alama za vinasaba kwenye kromosomu zote 20 za soya. Kipande cha jani changa kinatosha. Nyinyi hamhitaji hilo leo. Litawafaa siku mtakapotaka kujua kama "ya Songea" ni nani hasa, na hapo anzieni kuuliza SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, au TARI Mikocheni.

Kabla ya hapo macho yenu yanaweza kufanya kazi kubwa. Kutoka kila kiroba pandeni mstari wenye mimea 100 iliyoota. Kwa mbegu inayoota nusu kama yenu, dondosheni punje 200. Nimesema 100 kwa makusudi: kama kirobani kuna ugeni wa 3%, mimea 100 ina nafasi kama 95 kwa 100 ya kuwaonyesha angalau mmoja. Siku ya saba au ya nane inameni mtazame shina dogo lililo chini ya majani manene ya kwanza. Lenye rangi ya zambarau litatoa ua la zambarau, la kijani litatoa ua jeupe. Ni jeni moja inayoamua yote mawili, nanyi mnaliona ua mwezi mzima kabla halijachanua. Mstari mmoja ukiwa na rangi mbili, kiroba kimechanganyika. Wakati wa kuchanua hakikisheni tena. Maganda yakikauka angalieni nywele za shina na ganda, kama ni kahawia au za kijivu, kisha jicho la punje, lile doa iliposhikana na ganda: jeusi, kahawia au manjano. Ng'oeni kila kisichofanana na wenzake, msikionee huruma hata kikiwa kimezaa vizuri.

Jihadharini na kusoma sana. Mistari miwili ikitofautiana rangi ya ua, si mmea mmoja, lakini inaweza kuwa ndugu wa damu waliotofautiana jeni moja kati ya maelfu. Na ikifanana kila kitu, bado inaweza kuwa wageni kabisa. Kufanana kwa sura ni ushahidi mwembamba sana kwenye soya.

Undugu una hatari gani basi kama hauidhoofishi mbegu? Ugonjwa. Marekani Kaskazini kuna mnyoo wa mizizi anayetafuna soya, na karibu 95% ya aina zilizouzwa huko kuwa zinamkinza zilichukua ukinzani kwa babu mmoja, PI 88788. Mkulima aliyekuwa akibadili jina kila msimu alidhani anabadilisha kinga, kumbe anapanda kinga ile ile, na minyoo imekwisha kuizoea sehemu nyingi. Kwenu adui wa namna hiyo ni kutu ya soya, vipele vya kahawia upande wa chini wa jani. Kutu ina makabila, na jeni moja ya ukinzani haizuii makabila yote. Mkijaza ekari zote kwa 1987-10F na 1987-62F mkasema mmejigawa, hamkujigawa. Kugawa kwa kweli ni TGx moja kipande kimoja na Uyole Soya 2 kipande kingine, mradi nasaba mtakayopewa ionyeshe hawana mzazi mmoja.

Ushauri wa kuchanganya viroba hauleti damu mpya, kwa sababu ile ile ya ua lililofungwa: mtakuwa na mimea mitano tofauti imesimama pamoja kila mmoja ukijioa. Kitakachobadilika ni mavuno. Inayowahi itapasua maganda na kumwaga punje wakati inayochelewa bado ya kijani. Mkiisubiri hii mnaipoteza ile, mkivuna mapema mnaanika punje mbichi. Baada ya misimu mitatu au minne inayozaa wingi itakuwa imezimeza nyingine, wala si lazima iwe iliyo bora. Na mchanganyiko kama huo hauuziki kama mbegu. Shambani acheni mita 3 kati ya aina na aina, zaidi kwa ajili ya kuzuia mikono na magunia kuchanganya siku ya kuvuna kuliko kuzuia nyuki.

Damu mpya ya kweli hupatikana kwa mkono. Tumba la mama lisilofunguka linavuliwa petali na stameni kwa koleo ndogo, kisha chavua ya baba inapakwa kwenye stigma, ambayo huwa tayari siku moja kabla ya ua kufunguka. Mengi huanguka. Fundi humchagua mama wa maua meupe na baba wa zambarau: mche ukichipua na shina la zambarau, mvusho umeshika, ukichipua wa kijani, mama alijichavusha mwenyewe. Kisha ni vizazi kama sita vya kujichavusha na kuteua, halafu majaribio ya miaka. Mwenye hamu na ajaribu maua 20 ajifunze, ila msiweke matumaini ya kikundi hapo. Kwenu njia fupi ni kuomba mbegu ya msingi ya aina ya ukoo mwingine.

Mkiiomba, tajeni kwamba ni kwa Muheza. Soya huhesabu urefu wa usiku, na huku digrii 5 kusini ya ikweta siku ina saa 12 hivi mwaka mzima. Aina iliyozoea siku ndefu za kiangazi cha kaskazini ikifika huku hudhani msimu umekwisha, inachanua ikiwa kimo cha goti, na maganda hayazidi ya kuhesabu. Aina za tropiki zimeteuliwa zisichanue mapema. Tofauti hiyo itawafaa kuliko jina lolote.

Sasa punje zenu, maana hapa ndipo nusu ilipopotelea. Mzizi mchanga wa soya umelala pembezoni kabisa mwa punje, juu yake ngozi nyembamba tu. Fimbo juu ya gunia lililojaa huuvunja bila kuacha alama ya nje. Jipimeni: punje 100 ndani ya lita 1 ya maji yenye mililita 40 za jiki, dakika 10. Zinazovimba na kukunjamana ngozi zimepasuka. Zikizidi 10, upigaji wenu ni wa kuua mbegu. Hizo mlizopima zitupeni. Kwa mbegu tandazeni mimea kwenye turubai, tabaka jembamba, mchapo mwepesi.

Stoo ya bati ndiyo iliyomalizia. Kanuni ya zamani ya wahifadhi mbegu ni kwamba kila unyevu wa punje ukipungua 1%, uhai wake huongezeka maradufu, na kila joto likipungua digrii 5 vivyo hivyo. Pwani mna joto na unyevunyevu kwa pamoja, na kiroba hupitisha hewa kikanyonya kutoka sakafuni. Kausheni hadi 10 au 11%. Chupa kavu yenye chumvi kavu na konzi ya soya, itikisike, ikae dakika 10: chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi 15%. Isipoganda bado hamjafika, anikeni siku mbili tatu zaidi, na kabla ya kufunga tafuteni ghala lenye mita ya unyevu. Kisha mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, juu ya mbao. Mwenye shemeji Lushoto ampelekee mbegu ya masika ijayo. Baridi ya kule haina bei.

Wiki mbili kabla ya kupanda otesheni punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu, mhesabu siku ya nane miche iliyonyooka. Kwa nafasi ya sentimita 45 kwa 5, ekari moja ina miche kama 180,000, na punje za gramu 150 kwa kila 1,000 hiyo ni kilo 27 kama zote zingeota. Ikiota 80% wekeni kilo 34. Ikiota 50% ni kilo 54, na hata hivyo miche itakuwa goigoi. Hiyo kamueni maziwa ya soya, mtafute mbegu nyingine.

Umanjano wa Bossier una sababu nyingine, na hii ni ya nasaba kweli. Soya za Kimarekani huchagua bakteria wa kushirikiana nao mizizini, na bakteria huyo kwa kawaida hayumo katika udongo ambao haujawahi kulimwa soya. Mistari ya TGx ilizalishwa iwe tayari kushirikiana na bakteria wa kienyeji. Wiki ya sita ng'oeni Bossier moja na TGx moja kwa jembe, msizivute, mzipasue vinundu vya mizizini kwa wembe. Wekundu au waridi ndani maana yake vinafanya kazi; vyeupe, vya kijani au kukosekana kabisa maana yake mmea una njaa ya naitrojeni. Bossier inahitaji kupakwa chanjo ya bakteria wa soya siku ile ile ya kupanda, kivulini. Ikipakwa ikabaki manjano, pelekeni udongo TARI Mlingano, mnao mlangoni.

Kuhusu kuuza, hapo msijiongoze. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kufunga mfuko na kuuita mbegu kwa kauli yake. Muoneni afisa kilimo wa wilaya awaunganishe na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, kwa daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, na muwaite kabla ya kupanda, kwa kuwa mkaguzi lazima alione shamba likiwa limesimama. Watawauliza mbegu mama ilitoka wapi, na "ya Songea" itakwama papo hapo. Mwiteni pia afisa upesi mkiona vipele vya kutu kabla maganda hayajajaa. Anzeni na aina moja yenye karatasi, ekari moja.